Maji ya Dar es Salaam na Kisima cha Mkotokuyana

(Maneno yaliyotolewa mbele ya jamaa wa msikiti, Mkotokuyana, wilayani Nachingwea, baada ya Sala ya Ijumaa)



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Mola wa walimwengu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na Maswahaba wake wote. Ama baada ya hayo, wazee wetu, ndugu zetu katika imani, na mama zetu mlioko nyuma ya pazia:

Wiki mbili zilizopita tulikutana chini ya mwembe katika kikao cha watumia maji. Jambo lililoletwa lilikuwa dogo, nalo ni mchango wa kila kaya kwa ajili ya pampu ya kisima. Vijana wa kamati walikuwa hawajamaliza kueleza pale mzee wetu mmoja tunayemheshimu aliposimama na kuuliza masuali mawili. La kwanza, maji ni neema ya Mwenyezi Mungu, hakuna aliyeyaumba isipokuwa Yeye, basi vipi yauzwe? La pili, mwanawe anaishi Mbagala, Dar es Salaam, huletewa ankara ya maji kila mwezi na huilipa, lakini bomba mara nyingi hutoa upepo. Ikiwa watu wa mji mkubwa, wenye wahandisi na walio karibu na wakubwa wa nchi, wanalipa na bado wanakosa, sisi wa Mkotokuyana tulipe ili tupate nini?

Kikao kilicheka, kisha kikanyamaza, kisha kikaahirishwa bila ya uamuzi. Baadaye tuliombwa na wazee wa msikiti tuyajibu masuali yale mbele ya jamaa. La kwanza ni la fiqhi, na tulikuwa na pa kulishika. La pili lilitulazimu kuuliza na kusoma, na kwa hakika ndilo lililotufundisha zaidi. Kwa hiyo tutaanza nalo. Isitoshe, hapana nyumba katika jamaa hii isiyokuwa na mtoto au ndugu Dar es Salaam, na shida ya maji ya kule ni shida ya watu wetu.

Mji unaokunywa mto wa wengine

Dar es Salaam iko ukingoni mwa bahari, na maji ya bahari hayanyweki. Wakaazi wa mwanzo walitegemea visima vifupi na vijito vinavyoteremkia pwani. Upande wa kusini wa mji kuna Mto Kizinga, na hapo Mtoni pakajengwa mtambo wa kusafisha maji ambao mpaka leo hutajwa miongoni mwa vyanzo vya mji, ingawa ni mdogo. Mji ulipokua, ikabidi maji yatafutwe mbali, na mto uliopatikana ni Ruvu.

Mto huu hauanzii Dar es Salaam wala Pwani. Chimbuko lake ni milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, na ndani yake huingia mito mingine kama Mgeta na Ngerengere. Mwaka 1959 ulikamilika mtambo wa Ruvu Juu, upande wa Mlandizi, na mwaka 1976 ukakamilika wa Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo. Maji ya Ruvu Juu husukumwa kwa mashine mpaka kwenye matangi ya Kimara, na ya Ruvu Chini hupelekwa kwenye matangi yaliyo kilimani karibu na Chuo Kikuu. Kutoka huko juu huteremka kwa uzito wake yenyewe kuelekea mitaani. Tazameni basi safari yake. Tone linaloanguka Uluguru hupita katika mashamba ya watu na wilaya za watu, huingia mtamboni, hutiwa dawa, husukumwa kwa umeme, hupandishwa kilimani, na ndipo lifike jikoni Mbagala au Manzese, ikiwa litafika.

Katika sensa ya mwaka 1957, miaka miwili kabla ya Ruvu Juu, mji ule ulikuwa na watu wapatao 128,000. Katika sensa ya mwaka 2022, Mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa watu 5,383,728. Ni zaidi ya mara arobaini. Mto ni ule ule. Allah hakuuongeza mto kwa kadiri tulivyoongeza nyumba.

Mitambo, ndiyo, imeongezwa. Katika muongo wa 2010 Ruvu Chini ilipanuliwa hadi kufikia lita milioni 270 kwa siku, na Ruvu Juu hadi lita milioni 196. Jumla ni lita milioni 466. Mkizigawa kwa watu wale wote, kila mmoja angepata lita themanini na kitu, yaani ndoo nne na zaidi kidogo, na hapo hatujawahesabu watu wa Kibaha na Bagamoyo wanaokunywa maji hayo hayo, wala viwanda, hospitali na hoteli. Kwa karatasi, hiyo si kiu. Basi kwa nini kijana wa Mbagala anafungua bomba na kusikia upepo?

Mwaka wa mgao

Jibu moja lilionekana wazi mwaka 2022. Mvua zilikuwa haba, kina cha Ruvu kikashuka, na mwezi wa Oktoba Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Dar es Salaam, DAWASA, ikatangaza kwamba uzalishaji umeporomoka kutoka lita milioni 466 hadi takriban milioni 300 kwa siku. Mgao ukaanza mwishoni mwa mwezi huo. Mtaa mmoja ulipata leo, mwingine ukasubiri kesho au siku ya baadaye.

Sisi tulikuwako Dar es Salaam katika siku hizo, tukimuuguza mzazi wetu. Tulifikia kwa jamaa zetu katika mtaa uliokuwa ukingojea zamu yake. Usiku tuliamka kama watu wa tahajjud, ila wengi wetu tuliamka kusikiliza bomba. Wenye matangi makubwa chini ya ardhi walijaza kwa saa chache maji yaliyowatosha wiki nzima. Wenye ndoo tatu walijaza ndoo tatu. Mwenye mkokoteni alikuja na madumu asubuhi, na bei yake ilipanda kila siku bila ya kuuliza ruhusa ya mtu. Maji yale yalitoka wapi? Hakusema, na wenye kiu hawakumuuliza.

Pale tulijifunza hesabu moja ambayo tunaomba kila mmoja wenu aishike. Mamlaka za maji huuza kwa uniti, na uniti moja ni lita 1,000, sawa na ndoo hamsini za lita ishirini. Mtu anayenunua ndoo kwa shilingi 100 amelipa shilingi 5,000 kwa uniti. Mwenye bomba nyumbani, kwa bei ya mamlaka ya miaka hiyo, hakufikia hata nusu ya fedha hizo. Na katika siku za mgao ndoo haikuwa shilingi 100. Kwa hiyo, ndugu zetu, anayelipa ghali zaidi kwa maji katika mji ule si tajiri mwenye bustani. Ni mama mpangaji wa chumba kimoja ambaye bomba halikufika kwake. Mwenye kusema kwamba maskini hawana uwezo wa kuchangia maji, na aende akahesabu wanachokwisha kumlipa mwenye mkokoteni.

Tusisahau pia kwamba maji yanapokosekana, yanayobakia huwa machafu. Mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kikaanzia Kinondoni, kisha kikasambaa katika mikoa mingi na kufika Zanzibar. Visima vifupi vilivyochimbwa hatua chache kutoka vyooni vinajulikana na kila mkaazi wa uswahilini.

Basi tuseme sababu ni ukame? Ukame ulikuwepo, hilo hapana shaka. Lakini mto huu hauna kilio cha kiangazi peke yake. Wakati wa masika Ruvu hufurika, hufunika barabara na mashamba, kisha maji yake yote huishia baharini. Miezi michache baadaye mji unahesabu ndoo. Maji ya mwaka mzima yapo, lakini hayakuwekwa. Wazo la kujenga bwawa Kidunda, juu kabisa ya mitambo yote miwili, lilizungumzwa kwa miongo mingi, serikali moja baada ya nyingine, na mji ukaendelea kuongezeka watu huku bwawa likiwa katika makaratasi. Mkataba wa ujenzi ulitiwa saini Novemba 2022, mgao ukiwa bado haujasahaulika katika masikio ya watu. Bwawa hilo limekusudiwa kuhifadhi lita bilioni 190, na kuachia maji kidogo kidogo mtoni wakati wa kiangazi. Mwezi huo huo pia yalizinduliwa maji ya visima virefu vya Kigamboni, yaliyotarajiwa kuingiza lita milioni 70 kwa siku. Maji haya yako chini sana ardhini, mamia ya mita, chini ya Kimbiji na Mpera, na yalikuwapo siku zote.

Hatuyasemi haya kwa kumdhihaki yeyote. Sisi wenyewe hapa mvua yetu huja msimu mmoja, na kila mwaka ifikapo Oktoba wake zetu hushangaa kana kwamba kiangazi hakikuwahi kufika. Mapaa yetu mengi sasa ni ya bati. Ni mangapi yana mfereji na tangi? Hata la msikiti huu halina.

Mambo mengine mawili ya mji ule tutayataja kwa sababu yanatugusa.

Moja ni maji yanayopotea. Katikati ya miaka ya 2000, zaidi ya nusu ya maji yaliyosafishwa kwa ajili ya Dar es Salaam hayakuwa yakilipiwa. Mengine yalivujia ardhini kupitia mabomba yaliyochakaa, na mengine yaliibwa na waliojiunganishia njiani, wakiwamo watu wenye nyumba nzuri na magari. Fikirini: maji yanatolewa mtoni kwa gharama, yanatiwa dawa kwa gharama, yanasukumwa kwa umeme wa gharama, kisha katika kila ndoo mbili moja haijulikani ilikokwenda. Anayelipa ankara analipia na ya mwizi. Hili ndilo jibu la kweli kwa mzee wetu: mwanawe analipa na kukosa kwa sababu wengine wanapata na kukwepa. Wanazuoni wetu wamezungumza sana juu ya ghushi katika mizani sokoni. Kutoboa bomba la mamlaka usiku ni jambo la namna ile ile, hata kama mtoboaji husali safu ya kwanza.

La pili ni nani aliyekabidhiwa amana hiyo. Mwaka 2003 uendeshaji wa maji ya Dar es Salaam ulikabidhiwa kampuni ya City Water, ambamo ndani yake walikuwamo Biwater wa Uingereza, Gauff wa Ujerumani na Superdoll ya hapa nchini. Kuingiza kampuni binafsi lilikuwa miongoni mwa masharti yaliyofungamana na misaada na msamaha wa madeni. Ilitarajiwa kwamba wageni wangetengeneza kilichowashinda wenyeji. Haikuchukua hata miaka miwili. Makusanyo hayakufikia yaliyoahidiwa, na Mei 2005 serikali ikatangaza kuvunja mkataba. Mambo yakapelekwa kwa waamuzi wa kimataifa, na mwaka 2008 Biwater haikupewa fidia ya fedha, ingawa waamuzi walisema kwamba namna serikali ilivyoichukua kampuni ile ilikiuka mkataba wa nchi mbili. Baada ya hapo ikaja DAWASCO, shirika la umma, na mwaka 2018 likaunganishwa na DAWASA. Wako wanaosema kwamba ubinafsishaji ndio ugonjwa, na wako wanaosema serikali ndiyo ugonjwa. Sisi tunaona kwamba mabomba yale yale yalivuja chini ya wote wawili, na wezi wale wale waliiba. Mabadiliko ya jina juu ya mlango hayazibi tundu.

Na huko juu mtoni? Mwaka 2022 viongozi waliamuru waliokuwa wakichepusha maji ya Ruvu kwa ajili ya kilimo na mifugo waondolewe. Katika mafunzo ya Mtume (s.a.w.) kuna hukumu mashuhuri juu ya mfereji wa Madina: aliye juu humwagilia kwa kadiri ya haja yake, kisha humwachia aliye chini. Aliye juu hanyimwi, wala hazibi. Kwa hiyo mwenye pampu kubwa anayekausha mto ana makosa. Lakini tunaomba pia mji umkumbuke mkulima mdogo wa Uluguru na wa Kidunda. Huyu ndiye anayeambiwa asikate mti, asilime kingo, ahame kupisha bwawa, na mara nyingi kijijini kwake mwenyewe hakuna bomba. Mji unaokunywa mto wa wengine una deni kwao, na fidia ni sehemu moja tu ya deni hilo.

Je, maji huuzwa?

Sasa turudi kwenye suali la kwanza. Mzee wetu ana asili katika analolisema. Mtume (s.a.w.) amewafanya watu kuwa washirika katika maji, malisho na moto, na amekataza kuuza maji ya ziada. Mwenye kisima chenye maji kuliko haja yake hana ruhusa ya kumzuia msafiri mwenye kiu wala mnyama wake. Hili halina mjadala.

Lakini wanazuoni hawakuishia hapo. Abu Ubayd al-Qasim bin Sallam, aliyefariki mwaka 224 Hijria, katika kitabu chake cha mali za umma anatofautisha maji yaliyo mahali pake na maji yaliyokwisha kubebwa. Maji ya mto, ya chemchemi na ya mvua iliyotuama ni ya wote. Ama yule aliyeyachota, akayabeba katika kiriba chake na kuyaleta sokoni, huyo ameingiza jasho lake, na walio wengi katika wanazuoni wamejuzisha ayauze. Watu wa Madina walikuwa wakinunua maji ya viriba, na hapana aliyewakataza.

Basi lita iliyo katika Mto Ruvu si ya DAWASA wala ya mtu yeyote. Lita iliyotiwa dawa, ikapandishwa Kimara na kuletwa mlangoni, imeingia umeme, chuma na mishahara. Kinacholipiwa ni hicho. Hali kadhalika maji yaliyo chini ya ardhi ya Mkotokuyana ni ya Allah, lakini pampu iliyoyainua ina mpira, mnyororo na chuma, na hivi vyote huchakaa.

Yupo atakayesema: mbona Seyyidna Uthman (r.a.) alikinunua kisima cha Ruma na kukitoa wakfu, watu wakanywa bure? Ndiyo, na ni mfano bora. Lakini tazameni kwamba walikunywa bure kwa sababu yupo aliyelipa. Bi Zubayda, mke wa Harun ar-Rashid, alitumia mali nyingi kuwaletea maji mahujaji wa Makka kwa mfereji uliokatwa katika majabali, na karne nyingi baadaye mfereji ule ulihitaji kukarabatiwa tena na tena, mpaka zama za Waturuki. Wakfu wa kujenga bila ya wakfu wa kutengeneza huishia kuwa magofu. Karibu zaidi na sisi, Sultani Barghash wa Zanzibar, aliyetawala kutoka mwaka 1870 hadi 1888, alileta maji ya chemchemi mpaka Mji Mkongwe kwa mabomba, na wenyeji wakayapata bila ya malipo. Visiwani watu walizoea kutokulipa maji kwa miaka mingi sana, mpaka mabomba yalipozeeka na watu kuongezeka. Mamlaka ya Maji ya Zanzibar iliundwa kwa sheria ya mwaka 2006, na suala la kuchangia likawa gumu kwa watu kulipokea, kama lilivyo gumu hapa.

Bara nako hatukutofautiana. Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka ishirini wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji bure, karibu na nyumba yake, ifikapo mwaka 1991. Wazee mnaukumbuka. Mnakumbuka pia mashine zilizosimama kwa kukosa dizeli, na matangi yaliyogeuka viota vya ndege. Sera ya mwaka 1991 ndiyo iliyoanza kuwataka watumiaji wachangie. Leo, kwa sheria ya mwaka 2019, vijijini kuna RUWASA, na chini yake vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii, yaani nyinyi wenyewe mnaokutana chini ya mwembe. Wenzetu wa mjini Nachingwea na Masasi hutegemea chemchemi ya Mbwinji, karibu na Ndanda, chini ya uwanda wa Makonde, nao wana mamlaka yao na ankara zao. Sisi tuna kisima.

Tulipokuwa masomoni Khartoum, tulikuwa tukitembea jioni mpaka mahali Nili Nyeupe inapokutana na Nili ya Buluu, tukijisemea kwamba hapa hakuna atakayelala na kiu. Aprili 2023 vita vilipozuka, mtambo wa maji wa Bahri ulisimama, na wenzetu tuliosoma nao wakatuandikia kwamba wanateremka mtoni na madumu huku risasi zikipita. Mito miwili mikubwa mbele ya macho yao, na maji ya kunywa hakuna, kwa sababu mafundi hawakuweza kuufikia mtambo.

Kisima chetu

Katika kijiji kimoja cha jirani, ambacho hatutakitaja, pampu ilisimama miezi saba. Kilichoharibika kilikuwa mpira wa ndani ya pampu ambao bei yake haifiki ya jogoo. Fedha haikuwapo kwa sababu mchango ulikwisha kukataliwa kwa hoja ya dini, na kidogo kilichokusanywa kabla ya hapo hakikuwa na daftari. Miezi saba wanawake walirudi bondeni kuchimbua mchanga alfajiri, na mabinti wawili wa madrasa yetu waliokuwa wamefika Juzuu Amma waliacha kuja, kwa kuwa saa ya darsa ndiyo saa ya foleni. Tuliwaulizia. Mmoja amerejea.

Kwa hiyo hatukusimama hapa kuwaambia tu kwamba kuchangia kunajuzu. Kwetu sisi, kuikataza kwa jina la dini ndiko kulikotutia hofu zaidi.

Lakini namna ya kuchangia inahitaji uadilifu, na hapa hatukubaliani na kila kilicholetwa na kamati. Walipendekeza kiwango kimoja kwa kila kaya kila mwezi. Hilo linamfanya mjane anayechota ndoo mbili kwa siku alipe sawa na mwenye ng'ombe, na sawa na vijana wanaofyatua matofali kwa maji ya kisima. Haya ndiyo yale yale ya Dar es Salaam, mnyonge kulipia tangi la jirani yake. Rai yetu ni kwamba maji ya kunywa na ya nyumbani yawe na mchango mdogo, matofali na mifugo vilipe kwa ndoo, na wasiojiweza waandikwe kwa majina, mchango wao utolewe na mfuko wa msikiti. Msafiri mwenye kiu hatatozwa kitu, wala asiulizwe anatoka wapi.

Msikiti nao utalipa. Tumekuwa tukichota bure kwa ajili ya udhu, na tunachota kwa fujo. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, ambayo haifiki hata lita, na akioga kwa pishi moja. Juzi tulisimama karibu na birika kabla ya Adhuhuri, tukaona mtu mmoja akimaliza kopo tatu kwa udhu mmoja, na nyingi zaidi ikimwagika chini. Hatukumwambia kitu wakati ule. Yupo hapa, na anajijua. Kopo zitabadilishwa ziwe ndogo, na maji ya udhu yataelekezwa kwenye migomba nyuma ya ukuta.

Ama mapato, yatasomwa hadharani kila baada ya miezi mitatu, hapa msikitini na kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa sababu watumiaji wa kisima si Waislamu peke yao, na wasiokuwa Waislamu wana haki ile ile ya kujua fedha yao imekwenda wapi. Mweka hazina wa sasa ameridhia. Amesema, na tunamsadiki, kwamba hakuna aliyewahi kumwomba daftari.

Kikao kilichoahirishwa kitafanyika kesho Jumamosi, Inshaallah, baada ya Sala ya Alasiri, pale pale chini ya mwembe. Akina mama wamewekewa nafasi mbele, kwa kuwa wao ndio wachotaji. Daftari la miezi kumi na minane litakuwapo, na tumemwomba mzee wetu mwenye masuali akae karibu na atakayelisoma.

Wabillahi tawfiq.